Pesa Zetu Ziko Amerika

Kabul, Jumamosi

Kaka yangu Yunus,

Setara sasa hivi ametia kiatu chake kimoja ndani ya begi la baba yake. Najib amekitoa, mtoto amekirudisha, kisha amelikalia begi lisifungwe. Ana miaka miwili tu, lakini ubishi ni wako mtupu.

Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, jino lake limepoa. Theluji imeanza. Zulia la sebuleni tumeliuza, lakini usihuzunike, lilikuwa linakusanya vumbi tu.

Asubuhi nilikwenda tena benki. Akiba yetu ya miaka sita yote imo humo, na mlango bado umefungwa tangu serikali ilipoanguka. Mlinzi akatuambia sisi wanawake, "Akiba ya nchi nzima imewekwa Amerika, na Wamarekani wameizuia; pesa zenu wamezishika wao, dada zangu. Kapangeni foleni kwao."

Mama mmoja akamjibu, "Basi tulipie nauli, mwanangu."

Tulicheka mpaka tukaona haya.

Nimemsihi Najib angoje Jumamosi moja zaidi. Amesema, "Nimengoja kumi na moja, Parwin." Leo anakwenda Iran kutafuta kibarua, kwa njia ile ile ya jangwani iliyommeza kijana wa jirani yetu. Barua hii ataiposti yeye huko, akifika.

Kaka, wewe uko Ujerumani, habari zinakufikia mapema. Siku utakayosikia wameziachia pesa zetu, mpigie Najib simu hapo hapo umwambie arudi, hata kama ameshapata kazi. Mimi naamini hawatazishika milele. Najib ananiita, gari limekuja mapema, na bado sijamfungia mkate wa—