Bakapu za Shemeji Yako

Mwenzangu, uko wapi? Shemeji yako leo kaniua!

Tangu asubuhi anahangaika na programu ya mteja. Kila akiijenga, kompyuta yake ya Linux inagoma na kuandika: diski imejaa. Imejaa! Yeye kashikilia kuwa diski inakufa.

Basi kila ikigoma, anafanya bakapu, yaani nakala ya akiba, ya kila kitu. "Mke wangu, tahadhari kabla ya hatari." Anajaribu tena, inagoma tena, bakapu nyingine. Jasho linamtoka utadhani yuko leba.

Mchana namkuta kapiga magoti mbele ya kompyuta, bisibisi mkononi, anamuaga marehemu. Nikamuuliza tu, "Baba Pacha, hizo bakapu unaziweka wapi?"

Akageuka kuangalia skrini.

Mwenzangu! Za leo na za zamani, zote alikuwa anaziweka humohumo, kwenye diski ileile! Mgonjwa kabebeshwa majeneza yake mwenyewe.

Akapandwa na hasira, akafuta zote kwa amri moja. Nikamuuliza, "Na programu ya mteja?"

Akaitafuta kila folda; nayo imefutika pamoja na bakapu.

Sasa hivi yuko kwenye simu, sauti ya msibani kabisa, anamwambia mteja diski imefariki.

Nzima, mwenzangu! Haina kitu, lakini nzima kabisa.