Daftari Zilizopikiwa Pilau ya Khitma Yako

Mtani wangu Bakari,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kutoka Ramisi, viganja vina malengelenge ya panga la kukatia miwa, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Nitakalokuambia sijui kama utalisamehe. Daftari zako nne za historia ya Sisilia zimeungua, na aliyeziunguza ni mimi, kwa ulimi wangu.

Desturi yetu unaijua, maana wewe ulinifanyia hivyo hivyo tulipomzika baba yangu. Mtani msibani hakasirikiwi, na akiamuru jambo watu hutii huku wakicheka. Siku ya kukuzika niliifanya kazi yangu barabara. Nilivaa kofia yako ya ukindu, nikashika mpira wa kumwagilia maua, nikakuiga: "Wakaja Wagiriki, wakaja wa Kartago, wakaja Warumi, wakaja Waarabu na malimau yao, kisha Wanormani wakakuta bustani imeshamwagiliwa!" Waliokubeba walicheka hadi jeneza likayumba. Mtunza bustani wa Diani, umesomeshwa Kitaliano na bibi mwenye nyumba, ukaandika habari za kisiwa chake kwa Kiswahili miaka yote ile! Nani asingecheka?

Kosa lilikuja siku ya tatu, kwenye khitma. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni mbichi, moto unakataa kushika. Shemeji Mwanasha, mkeo, yuko ndani kwenye eda. Akatuma kuniuliza: "Shemeji, daftari za marehemu tuziweke wapi?" Nami, vicheko vya juzi bado vimenijaa kichwani, nikapaza sauti kutoka uani: "Mwenyewe kaniagiza zipikiwe pilau!" Wanaume wakacheka. Yeye hakuuona uso wangu. Alisikia wosia wa mumewe, akazitoa.

Nilipokwenda jikoni niliona neno Palermo likijikunja kwenye moto. Ningeweza kuivuta ile karatasi. Nilichukua sahani, nikala, nikaongeza. Pilau ilikuwa tamu.

Ulikuwa wivu, Bakari. Uliniambia Waarabu walipanda miwa kule Sisilia karne nyingi kabla ya Ramisi kuwa na shamba. "Mtani, kazi yako ni kongwe, ina heshima." Nikakujibu kwamba mgongo wangu haujaiona hiyo heshima, ukacheka. Lakini nilikuchukia siku ile. Miaka ishirini nimeshika panga, na wewe ndiye uliyeona kitu ndani yake.

Siku ya arobaini alikuja binti yako Zuhura kutoka Mombasa. Alitaka kuzichapa daftari kwenye kompyuta, ziwe kitabu. Mama yake akamwambia baba mwenyewe aliagiza zichomwe. Akasimama mlangoni, akanigeukia: "Ami, kwani hata mimi baba hakutaka nizisome?"

Nikasema, "Ndivyo, mwanangu."

Hapo hapakuwa na utani tena. Tangu siku ile haji kaburini kwako. Shemeji anamtetea, anasema ana kazi nyingi. Mimi najua sababu.

Unawakumbuka wale mateka wa Athene? Walitupwa kwenye machimbo ya mawe ya Sirakusa, jua linawachoma mchana kutwa, maji ya kulamba tu, maiti zimelaliana. Ulisema inasimuliwa kwamba wengine walitolewa kwa sababu walijua kwa moyo mashairi ya kwao, na watu wa kisiwa waliyapenda. Nikakukejeli: "Mimi ningefia shimoni, sijui hata ubeti mmoja." Ukacheka mpaka ukakohoa.

Sasa nimo shimoni, nachakura kichwa. Uliyonifundisha siyakumbuki, maana sikuwahi kukusikiliza kwa nia njema. Ila niliyokariri ili nikucheke yote ninayo, neno kwa neno: malimau, miwa, Wanormani, mateka, hata pale ulipokuwa unameza mate. Ni kama daftari moja kati ya nne.

Ijumaa baada ya sala nitakwenda nyumbani kwako Bongwe. Nimemwita Zuhura. Nitamwambia mbele ya mama yake kwamba hukuagiza chochote, kwamba nilisema uongo mara mbili. Akinitemea mate nitayafuta. Akikubali kuchukua kalamu, nitavaa kofia yako nianze: wakaja Wagiriki. Nakuahidi nitakuiga mpaka mwisho, na safari hii sitamwangalia mtu kama anacheka.

Buriani, mtani. Mungu akulaze pema. Kofia yako ninayo, bado inanuka jasho lako.