Aliyemwosha Mama

Pemba, Msumbiji, hospitalini
19 Oktoba 2014

Kwa mdogo wangu mpenzi Zainabo, huko Pundanhar,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nurdine na watoto, na kwamba mihogo yenu imesalimika na nguruwe mwaka huu. Ukitaka kujua hali yangu, nipo, nakula, nalala, na kama ilivyo kawaida yangu nagombana na watu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenu mpaka mtu apande kichuguu ndipo mtandao umwone, na haya niliyonayo si ya kupigiwa kelele juu ya kichuguu.

Nianze na lililonikalisha kitako. Wifi yako Zuleica ameniambia. Usimkasirikie, alinyamaza tangu Idi, na asingesema kama mimi nisingelazwa hapa. Ameniambia kuhusu uvimbe ulio katika ziwa lako, kwamba unasema uligongwa na mchi, unaukanda kwa majani, na umeapa bora ufe kuliko kumvulia nguo daktari. Nataka uje Pemba upimwe. Najua umeshakunja uso. Soma kwanza mpaka chini, halafu ukunje upendavyo.

Wewe uliambiwa, kama mtaa wetu mzima wa Palma ulivyoambiwa, kwamba nimekuja kupasuliwa busha. Niwie radhi kulitaja neno hilo mbele yako. Uongo ule niliutunga mwenyewe, nikampa jirani yangu Issufo, ambaye ukitaka jambo lienee unamwambia tu kuwa ni siri. Busha angalau ni ugonjwa wa wanaume. Lakini sikupasuliwa busha, Zainabo. Nimekatwa titi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Mimi Amisse, mwenye ndevu na wajukuu, nimekatwa titi la kushoto, na mpaka leo nikiamka huwa nadhani ni habari ya mtu mwingine.

Mambo yalianzia Afungi. Nilipata kazi ya ghala la chakula kule kambini, na unajua watu wanavyoigombania kazi ya gesi. Kabla ya kutia saini lazima upimwe. Daktari wao akaniambia nivue shati, akanibonyeza kifuani, akarudia, akaniuliza hiki kigumu nini. Nikamjibu kwamba hicho ni cha magunia, maana nimebeba mizigo bandarini Mocímboa ujana wangu wote, na gunia nililiegemeza upande huo. Akauliza kwa nini chuchu imezama ndani. Jamani, mwanamume gani hukaa akatazama chuchu yake? Mkataba ukabaki pale mezani bila saini, mimi nikapewa barua ya kuja huku.

Hapa nikaelekezwa kwenye benchi la kusubiri. Wanawake watupu. Wakasogea kunipa nafasi, wakidhani nimemleta mke wangu, na mmoja akaniuliza kwa upole mgonjwa yuko wapi. Nikasema amekwenda kununua maji. Mungu anisamehe. Mara akatoka muuguzi mmoja wa Kimakonde kutoka Mueda, Ermelinda jina lake, akaita kwa sauti ya kuita watu shambani, senhora Amisse! Kwake yeye kila anayekaa benchi lile ni mwanamke, ni senhora. Ikabidi nisimame. Nilikuwa tayari kuchekwa, na matusi nilishayapanga mdomoni, lakini hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu alinishikia mfuko wangu, akaniambia nenda baba, mlango ndio huo.

Daktari mwenyewe ni mwanamke wa Nampula, mdogo kuliko wewe. Alinichoma sindano ya kutoa kipande cha nyama, na majibu yalipokuja akasema kwa Kireno ni kansa ya titi. Nikamwambia wamechanganya majalada. Akasema kila mwanamume ana nyama kidogo ya titi, na ugonjwa huu hauulizi ndevu. Nikabisha tena. Akamwomba Ermelinda anieleze upya kwa Kiswahili, polepole, na kwa Kiswahili ikawa mbaya zaidi kwa sababu niliielewa. Kisha akauliza kama katika ukoo wetu kuna mwanamke aliyeugua ziwa. Nikasema hakuna. Mama yetu alikufa kwa jini la ubavuni, kila mtu anajua. Akaniuliza mara ya pili, nikamjibu kwa ukali.

Asubuhi ya kupasuliwa sikupewa hata chai. Walininyoa kifua, wakanivisha gauni la kufungwa mgongoni, nikawa natetemeka. Ermelinda akaniuliza kama nasikia baridi, nikamwambia ni feni. Feni haikuwa inazunguka, naye akanifunika shuka la pili. Nilipozinduka mkono wangu kwanza ulikwenda kifuani. Nilikuta bandeji, na mpira mwembamba ukitoa maji ya damu na kuyatia kwenye chupa. Nililia, Zainabo. Nilikililia kitu ambacho maisha yangu yote sikujua ninacho. Maumivu yenyewe yanavumilika, usitishike nayo. Siku hizi wananifanyisha mazoezi ya kupandisha vidole ukutani ili mkono usikakamae, na nikipumzika kidogo Ermelinda ananigombeza.

Sasa nifike penyewe.

Mama mdogo alikuja kutoka Mocímboa kuniuguza. Naye alikuja akijua ni busha. Alikuwa ameshika bakuli la uji Ermelinda alipofungua bandeji. Akaona kidonda, akaweka bakuli chini, akajiziba mdomo kwa kanga, akatoka. Nilidhani ameona haya. Alikaa nje muda mrefu, na aliporudi alimwomba Zuleica avute pazia, akatuambia.

Unakumbuka siku ya msiba, mimi na wewe tukazuiwa nje ya pazia? Aliyemwosha mama ni yeye. Anasema alipomfunua alikuta ziwa la kushoto limeoza, limeliwa, na mama alikuwa amelifunga kwa vitambaa safi alivyovichana kwenye kanga zake. Hakumwambia mtu. Alipika, alilima, alicheka nasi, na kidonda kile kiko chini ya nguo. Na mwosha maiti hasemi alichokiona kwenye mwili wa maiti. Hiyo ni amana. Basi mama mdogo akanyamaza. Watu waliposema jini, akanyamaza. Tulipochinja mbuzi baada ya maziko ili kulifukuza jini nyumbani, alikula nyama na akanyamaza. Wewe na mimi tukakua, na ugonjwa wa mama tunatembea nao.

Alimaliza kusema, akaniuliza kama amepata dhambi kwa kusema. Zuleica alikwenda kumwuliza mwalimu wa msikiti wa karibu, akaambiwa kwamba mwosha huficha aibu ya maiti, na ugonjwa si aibu. Kumwokoa aliye hai ni wajibu. Mama mdogo alilia zaidi aliposikia hivyo. Mimi nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Nilimweleza daktari. Aliweka kalamu chini, akauliza kama nina dada. Nikasema ninaye mmoja. Akasema aje sasa hivi, asingoje mavuno, kwa sababu ugonjwa huu huweza kupita katika damu ya ukoo, na uvimbe ukiwahiwa mtu hupona. Atakupima yeye mwenyewe, mwanamke, nyuma ya pazia, na Ermelinda atakushika mkono.

Zuleica anarudi Palma na barua hii, na Alhamisi Issufo ataileta kwenu anapokuja kununua mahindi. Mpaka anamaliza kupakia, uwe umemaliza kusoma na kufunga mzigo wako. Atakufikisha Palma, kutoka hapo utakuja na Zuleica kwa basi. Nurdine akikasirika, mwambie anikasirikie mimi.

Wasalimie watoto wote, na wazee wa hapo ambao bado wananikumbuka. Ermelinda anakusalimu ingawa hamjaonana. Mama mdogo amekataa kukutumia salamu. Yuko hapa pembeni ya kitanda, na amesema niyaandike maneno yake yalivyo: mwambie Zainabo kwamba nilimwosha mama yake kwa mikono hii. Mwosha huoshwa, na ni yeye wa kuniosha mimi nikifa. Asinigeuzie zamu.

Wasalaam,
kaka yako akupendaye,
Amisse