Mwenyewe Hajajitokeza

Mtongwe, Likoni
18 Januari 2025

Mwanangu Swabra,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Baridi ya huko mlimani umeizoea?

Jumatatu dude la chuma limeanguka shambani kwa kishindo, mbuzi wakakata kamba. Ni la mviringo kama boga. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mbio, nikawafukuza. Cha kuokota hutangazwa mwaka mzima, wajua. Nimeliweka uvunguni lisiibwe, na jana nimelitangaza mlangoni pa msikiti. Nyinyi ndio mnaoangalia vinavyoanguka kutoka angani. Waulize wakubwa wako, ni la nani?

Babako, Ishaka

Kituoni
3 Februari 2025

Shikamoo baba,

Natumai nyote hamjambo. Barua imefika na gari la chakula. Simu zetu bado zaachwa langoni, tuvumiliane na karatasi.

Baba, nakuomba ulitoe nje hilo dude, mbali na kisima. Mwenyewe simjui.

Mwanao, Swabra

Mtongwe
11 Machi 2025

Swabra mwanangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, mamako ndiye hawezi kidogo. Macho yamemvimba na kifua chambana. Zahanati wasema ni vumbi.

Nje haliwekeki. Likiibwa, nitamwambia nini mwenyewe? Mamako hulifuta kila asubuhi lisishike kutu. Waulize tena wakubwa wako, wallahi nachoka kutangaza.

Babako

Kituoni
2 Juni 2025

Shikamoo baba,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza. Mama je?

Nilikudanganya. Lile ni tangi la mafuta ya roketi, na mafuta yake ni sumu. Mwenyewe ni kampuni inayokilipa kituo hiki. Nililiona likishuka. Mkubwa wangu akaniambia niandike limezama baharini, nikaandika. Nikajipa moyo kwamba utalitoa nje, ingawa nakujua ulivyo. Ningeweza kushuka mjini nikupigie, ila sauti yako niliiogopa.

Leo nimeipelekea serikali jina la kampuni na hesabu zangu za kweli. Kazi imekwisha, nafunga virago. Dereva wa gari la chakula nimemwomba akupigie akifika mjini, barua isije ikachelewa. Mama asiliguse tena.

Mwanao

Mtongwe
9 Juni 2025

Swabra,

Marahaba. Dereva alinipigia siku ile ile. Watu wa serikali wamekuja na mavazi ya mpira wakalichukua. Wa kampuni hawajaja. Ijumaa nilisimama mlangoni pa msikiti nikasema mwenyewe kapatikana, maana nilikuwa nimewaahidi watu.

Mamako amelazwa, apumua kwa mashine. Daktari aliniuliza dude limekaa ndani muda gani, nikamwambia karibu miezi mitano. Akauliza, muda wote huo hapakuwa na mtu aliyejua ni sumu? Mamako alikuwa macho, anatusikiliza.

Nikasema hapakuwa na mtu.

Njoo umwambie wewe, kwa kinywa chako, angali anasikia.

Babako