Sitaifuta Zohali

Helsinki, Ufini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na hali yako kabla sijaanza ugomvi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoifuata kule mtaa wa Nguvumali imesaidia, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Inapenya makoti mawili. Ile kanga uliyonipa naifunga kiunoni ndani ya yote, wenzangu ofisini wanacheka, nami nawaacha wacheke.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako siku hizi ina wasikilizaji wengi. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Baadaye ukitaka kumsomea Mjomba Athumani, msomee, hakuna nitakalomficha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umelia, na mimi nikalia, nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Unasema Mjomba kaja nyumbani, kakaa barazani na wazee wenzake, kasema mimi nimegeuka mnajimu, natengeneza kitu cha kuwatazamia watu nyota kwenye simu. Tena kakutaka usiniwie radhi mpaka niache kazi hii nirudi Ngamiani kabla ya Ramadhani. Mama, mimi na unajimu wapi na wapi?

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana naona hamkuelezwa. Ni mchezo wa simu. Gofu unaijua, ule mchezo wa kupiga kimpira kwa fimbo mpaka kitumbukie kishimoni. Sisi gofu tumeitoa kwenye majani tukaipeleka angani. Mchezaji anapiga mpira kutoka sayari moja, shimo liko sayari nyingine, na katikati kuna masayari makubwa yanayouvuta mpira. Ukilenga shimo moja kwa moja umekosa, mpira utavutwa pembeni upotelee gizani. Inabidi uupige kando, uizunguke sayari, ndipo uangukie shimoni. Basi, ni hilo tu. Hakuna kamari, hakuna ramli, hakuna anayeambiwa ataoa lini. Mimi kazi yangu ni kuzichora hizo sayari na kupanga kila moja ivute kwa nguvu gani.

Kosa limeingilia wapi, sasa nalijua. Kwenye toleo la Kiswahili nimezipa sayari majina yetu: Zuhura, Mirihi, Mushtari, Zohali. Mdogo wangu Rehema kaniambia Mjomba aliuona mchezo kwenye simu ya kinyozi wake, akasoma Zohali, akashtuka hata wembe ukamkwaruza. Kwa wazee wa barazani Zohali ni nyota ya mkosi, na anayeitaja ni mtu wa kupiga bao na kutazamia. Kinyozi naye, badala ya kumweleza, akamuuliza kama nyota yake ni Mushtari, ili amchezee hapo apate bahati. Hapo nilicheka, mama, usinikasirikie. Lakini majina hayo tuliyasoma shuleni, ubaoni, kwa chaki, na hakuna mwalimu aliyetoka pale akaenda kufungua kilinge cha uganga.

Tena kuna jambo sikukuambia. Majina hayo nimeyapigania. Bosi wangu, mama mmoja wa huku, alitaka niyafute niweke ya Kizungu, eti hata Waswahili wenyewe hawayajui. Nikamwambia nayajua mimi, mama yangu anayajua, na asiyeyajua atajifunza. Akaniambia nifikirie nafasi yangu kazini. Nikamjibu nimeshafikiri. Tukanuniana, tukawa tunapishana kwenye korido kama wake wenza. Mwisho akasema haya, toleo la Kiswahili ni lako, likianguka unaanguka nalo. Nikasema sawa. Sasa mtu aliyekataa kuyafuta mbele ya bosi wake, akayafute kwa maneno ya barazani? Siyafuti. Kazi siachi, na kabla ya Ramadhani sirudi.

Mjomba namheshimu. Baba alipofariki ni yeye aliyesimama na sisi, na hilo sitalisahau. Lakini heshima si kufumba macho. Alipotaka kuoa mke wa pili, nani alivuka mto Pangani kwenda kwa mzee wa falaki, mtazama nyota, atafutiwe siku njema? Nilikuwa mdogo, lakini masikio nilikuwa nayo. Kuna methali ya nyani ingefaa hapa, ila yeye ni mjomba wangu, siimalizii. Na nakuambia ukweli unaoniuma: ningekuwa mtoto wa kiume, mchezo huu huu angeutembeza barazani na kahawa angewalipia wote. Kwa kuwa ni mimi, umekuwa uganga.

Nisalimie Rehema mdogo wangu, mwambie asiache kunipa habari hata wakimkataza. Nisalimie shangazi wa Pangani na wanawe, na jirani yetu fundi baiskeli, anayekubebea maji goti likikusumbua, Mungu ampe kheri. Mjomba mwenyewe mpe shikamoo yangu kamili, bila kupunguza.

Limebaki la radhi. Mama, radhi yako naitaka. Nikiikosa nitakula nisishibe, hilo nalisema bila kiburi chochote. Lakini radhi ni yako wewe uliyenibeba ukaninyonyesha, si ya Mjomba kuigawa barazani. Kwa hiyo jiulize wewe, peke yako, bila ya watu pembeni: mwanao kakukosea nini? Ukikuta ni yeye aliyekasirika na si wewe, nitumie neno moja tu nitulie. Ukikuta ni wewe, kwa moyo wako, basi nitakuja. Nitakupigia magoti mlangoni mchana kweupe, Ngamiani nzima ikitazama, na sitainuka mpaka uniwie radhi. Kisha nitajikung'uta vumbi, nikubusu mkono, nirudi kazini kwangu.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi