Malkia Aliyeingia Redioni

Buhare, 9 Agosti 1984

Nimefungwa tena na Idrisa fundi cherehani, na safari hii nailaumu kompyuta.

Tulikuwa tunacheza sataranji nje ya duka lake, jua kali. Malkia wangu ni betri kuukuu ya redio, kwa sababu yule halisi alipotea, na madukani hakuna hata sabuni, sembuse malkia. Redio ya Idrisa ikatangaza kwamba huko Ulaya kompyuta zinashindanishwa kucheza sataranji, zenyewe kwa zenyewe. Mara ikakoroma, ikanyamaza.

"Ili iweje?" Idrisa akauliza. "Mashine ikifungwa, nani anachekwa?"

Mimi mwalimu wa hesabu, siwezi kulala bila kujua. Nikamnyakua malkia, ambaye jua lilishampasha vizuri, nikamtia redioni mahali pa betri iliyochoka. Redio ikafufuka. Mtaalamu mmoja akaeleza kwamba kikombe si hoja: programu ikifungwa, walioiandika wanachambua ilikosea wapi, wanairekebisha, wanarudi nayo.

Nikageuka kwa mbwembwe kumfafanulia Idrisa. Yeye alikuwa anatazama ubao.

"Malkia umemtoa mwenyewe, Mwalimu. Harudi."

Nilibisha, nikatukana kidogo. Hakujali, akanimaliza.

"Wenzako mashine wanarekebishwa," akasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Wewe mwaka wa tatu huu unamtoaga malkia mapema."

Kinachoniuma ni kwamba ni kweli. Na malkia wangu nimemsahau kulekule, sasa hivi anamsomea Idrisa taarifa ya habari.