Mtungi wa Mama Umelowesha Kitambaa

Mama Pantaleo, nimeaibika mimi leo! Niko hapa Shinyanga kwenye maonyesho ya wafinyanzi.

Si unaujua ule mtungi wa mama, alioufinyanga kule Bugarama mwaka hamsini na tatu? Wenye maonyesho waliuazima. Nimeukuta juu ya kitambaa cheupe, mkavu kabisa. Mkavu! Mtungi wa mama, na wageni wote hawa, na jua hili.

Basi nikaujaza maji.

Haukukaa sana ukaanza kutoa jasho, kama kawaida ya mtungi, kitambaa kikalowa. Theonest, msimamizi, akapiga kelele: "Unavuja! Umepasuka huu! Utoeni!"

Kazi ya mama itolewe mbele za watu kama kigae!

Ikabidi niseme. "Mwanangu, haujapasuka. Ni mimi nimeutia maji."

"Bibi! Huo ni wa kutazamwa!"

"Ndiyo baba, lakini watu wana kiu."

Watu wote wakanigeukia, Mama Pantaleo. Nikatamani ardhi inimeze.

Halafu Bhoke, binti mmoja mfinyanzi kutoka Geita, Mungu ambariki, akachukua kikombe cha udongo kwenye meza yake, kile kile alichokuja kukionyesha. Akachota, akampa Theonest kwa mikono miwili.

Theonest akanywa. "Kumbe yana ubaridi hivi?" Akaomba tena!

Sasa hivi kuna foleni pale, na kitambaa wamekitoa wenyewe. Tangu tumzike mama, leo ndiyo amepata wageni wa kuwanywesha.